Neno Moja Alilolingoja Mama Milcah

Ijumaa, tarehe 15 Desemba 1995, Mama Milcah Khasandi atavua aproni yake ya buluu na kuagana na jiko la Kituo cha Matembezi cha Isiukhu, baada ya kulitumikia kwa miaka ishirini na mmoja. Aliingia mwaka 1974 akiwa mpishi msaidizi, wakati Kituo kilikuwa nyumba mbili za bati kando ya msitu, mbele kidogo ya Khayega. Anatoka akiwa mkuu wa jiko ambalo chakula chake kimetembea kuliko wengi wetu. Kimepanda Mlima Elgon, kimevuka mto Yala, kimelala chini ya miti mikubwa ya mikumu huku mbega wakikipigia kelele.

Lakini Mama Milcah hakutaka kuondoka hivi hivi. Tangu mwezi wa tisa alikuwa akituambia, huku akipepeta karanga, kwamba hataki saa ya ukutani wala blanketi. Alitaka neno moja tu. Alitaka mumewe, Mzee Phanuel Muhatia, kiongozi mkuu wa matembezi yetu, ale chakula chake cha njiani kisha aseme, "Nimeshiba." Kwa miaka yote hiyo Mzee Phanuel hakuwahi kulisema.

Msomaji wa mbali huenda akashangaa. Huku kwetu mtu anaweza kula viazi vitamu, ndizi, maharagwe na nusu ya kuku, na akiulizwa kama amekula akajibu kwamba bado, kwa kuwa hajaona obusuma, yaani ugali. Hana nia mbaya. Anasema tu hali ya tumbo lake. Na Mzee Phanuel, ambaye ni shemasi na mtu wa kweli, ana msemo wake unaojulikana na kila mfanyakazi hapa, kwamba yeye hasemangi uongo juu ya tumbo.

Zamani, kabla ya Mama Milcah kushika jiko, watembezi waliingia msituni kama watu wanaohama. Walibeba gunia la unga, sufuria kubwa ya harusini, mwiko mrefu kama kasia na mboga mbichi zilizonyauka kabla ya adhuhuri. Kuna kiongozi wa vijana kutoka Malinya aliyekuja na ingokho mzima ndani ya shanta, kichwa kikichungulia nje, kwa sababu hakuona namna ya kulala ugenini bila kuku. Siku ya pili kuku huyo aliruka akapotea vichakani. Mzee Phanuel bado huwaambia wageni kwamba ukiamka mapema pale, utamsikia akiwika na kuwacheka hao watu wa Malinya. Wageni wengine huamini, hasa asubuhi ukungu ukiwa umelala juu ya majani na kila sauti ikitoka mahali usipopaona.

Mama Milcah aliwaona wale watu wakirudi wameinama kwa uzito, akaamua kwamba chakula cha safari lazima kipikwe nyumbani, njiani kibaki kuamshwa tu. Hilo ndilo neno lake, kuamshwa. Alichemsha maharagwe yakaiva kabisa, akayaponda, akayaanika hadi yakawa kama changarawe. Msituni unayatia maji ya moto, unafunika, na ukimaliza kuvua viatu yameamka. Majani ya kunde aliyachovya kwenye maji moto ya chumvi na kuyakausha mpaka yakavunjika kama karatasi. Viazi vitamu alivichemsha, akavikata vipande vyembamba na kuvitandaza juani. Unga wa wimbi aliukaanga bila mafuta, akauchanganya na maziwa ya unga na sukari. Harufu ya wimbi hilo likikaangwa ni kitu ambacho siwezi kukieleza vizuri. Ukiisikia ukiwa stoo, kama mimi, unajikuta umesimama na kopo mkononi na umesahau ulikuwa unapima nini.

Kila mfuko ulipokuwa tayari aliutundika kwenye kidole chake cha mwisho. Kidole kikitulia, mfuko unaenda. Kikijikunja, kitu kinatolewa. Nimewahi kumwona daktari mgeni akibembeleza aruhusiwe kubeba jamu yake ya chupa, na Mama akimwonyesha kidole tu mpaka daktari mwenyewe akairudisha kabatini.

Wanafunzi wa ufundi kutoka Sigalagala walimtengenezea sanduku la kukaushia lenye kioo juu na wavu chini, akaacha kukimbizana na mvua ya alasiri. Vikundi vya Waislamu kutoka Mumias vilipokuja, aliagiza nyama kwa mchinjaji wao, akaikausha mbali na nyingine, kwenye wavu wa peke yake, na hakungoja kuombwa. Msimu wa kumbikumbi aliwakaanga kwa chumvi na kuwafunga kwenye vifuko vya nailoni, na vifuko hivyo ndivyo vilivyokuwa vya kwanza kuisha, hata kwa wale waliokuwa wameapa kwamba hawali wadudu.

Lakini sisi tuliokaa naye jikoni tulijua kwamba kila chakula kipya kilikuwa barua kwa mtu mmoja. Mzee Phanuel aliondoka na kikundi, akarudi baada ya siku nne, akaweka shanta kwenye kivuli chembamba cha paa na kumwamkia mkewe kwa jina la kifungua mimba wao. Alisifu maharagwe. Alisifu omena, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa bila mafuta. Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Sasa Mama Alice, mimi sijakula."

Na maji yalikuwa tayari yanachemka. Hapo ndipo mimi, niliyeolewa Agosti mwaka huu na ambaye bado huamka nikiitazama pete yangu kama ya mtu mwingine, huona uzuri wa jambo hili. Mama alikuwa akikasirika, ndiyo, na kuusonga ugali kwa nguvu za hasira. Lakini sijawahi kumwona akiacha maji yapoe.

Mwaka mmoja alishindwa kuvumilia. Akasonga obusuma mkubwa, akauacha ulale, akaukata vipande vyembamba na kuukausha juani wiki nzima. Hesabu yake ilikuwa nzuri: kama mzee anataka obusuma, basi abebe obusuma. Vipande vilikauka vikawa kama vigae. Msituni vilichemshwa asubuhi, vikachemshwa mchana, vikakataa katakata kuamka. Mzee Phanuel alivitumia kuweka sufuria sawa juu ya mafiga, kisha akavirudisha nyumbani vyote, vikiwa salama, na kumkabidhi mkewe kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha vyombo vya jirani. Mama hakumsemesha hadi Jumapili.

Mwaka huu, alipoanza kulidai neno lake waziwazi, mzee alimjibu mbele yetu sote kwa sentensi iliyomchoma. Alisema, "Chakula chako, Mama Alice, kinashibishanga mtu aliyekaa."

Ilikuwa kweli kwamba Mama hakuwahi kutembea msituni. Kikundi kimoja kikitoka, kingine kilikuwa kinaingia, na daima alisema mpishi akienda, nani atawapokea wanaorudi? Lakini sentensi hiyo ilimlaza vibaya. Asubuhi alikuja jikoni amevaa viatu vya mpira vya binti yake Alice, akatangaza kwamba matembezi ya mwisho ya mwaka atayatembea mwenyewe, atabeba alichopika, atakula alichobeba, na mwisho wa njia atamwuliza mumewe swali moja. Mzee asipolisema neno huko, basi atastaafu bila hilo, na halitaki tena.

Tulitoka wiki ya kwanza ya Desemba na walimu kutoka Mumias, wakiongozwa na Mwalimu Zuena, mwanamke mcheshi anayetembea haraka kuliko maneno yake, na maneno yake ni ya haraka. Mume wangu Were, ambaye ni msaidizi wa Mzee Phanuel, alikwenda nyuma kabisa. Mimi nilipewa ruhusa ya kwenda pia, nikatembea mbele yake kidogo ili nikigeuka nimwone.

Sijui niwaelezeje msitu wa siku zile. Mvua ilikuwa imeuosha. Mwanga ulishuka kupitia majani ukiwa wa kijani, na vipepeo walitua kwenye matope ya njia kwa mamia, na tulipopita waliinuka wote pamoja kana kwamba ardhi inapumua. Mama Milcah alikuwa akisimama kila mara. Alishika magome ya miti. Aliuliza majina ya ndege, na Mzee Phanuel aliyajibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonyesha mwenziwe chumba cha nyumba waliyoijenga pamoja lakini akakaa humo peke yake. Mara mbili nilimwona akimshikia tawi lisimpige usoni. Mara ya tatu hapakuwa na tawi lolote, na mkono ulikuwa pale pale.

Chakula kilikwenda vizuri. Maharagwe yaliamka, kunde zikaamka, uji wa wimbi ukatupasha moto tulipolala kando ya mto. Mwalimu Zuena aliomba kufundishwa kukausha viazi, na Mama akamfundisha akitembea. Lakini siku ya pili nilimwona Mama akipunguza mwendo. Siku ya tatu, tulipoanza kupanda kilima cha Lirhanda, alikuwa haulizi tena majina ya ndege, anauliza tu kama tumekaribia kufika.

Juu ya Lirhanda tuliketi kwenye mawe. Msitu wote ulikuwa chini yetu, umetulia kama maji, na mvuke ukipanda hapa na pale. Upande wa mashariki milima ya Nandi ilikuwa ya buluu laini, ya rangi ambayo mtu huiona akikaribia kusinzia. Were aliwasha moto. Tukala supu ya maharagwe na nyama kavu, viazi, karanga zilizopondwa na simsim. Mama alikula chote alichopewa. Alifuta kikombe chake kwa kidole. Kisha tukangoja, kwa sababu wote, hata walimu, tulijua swali linalokuja.

Hakuliuliza. Aliitazama buluu ile, akasema, "Baba Alice, mimi sijakula."

Mwalimu Zuena ndiye aliyeanza kucheka. "Mama, mpishi ni wewe, mla ni wewe, sasa tumshitaki nani?" Tukacheka hadi Were akamwaga chai. Mama Milcah mwenyewe alifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na sikujua kama ni kicheko peke yake. Miaka ishirini na mmoja ya kubishana, na kesi ameipoteza kwa mdomo wake mwenyewe.

Sote tukamgeukia mshindi. Mzee Phanuel hakucheka. Aliweka sahani yake chini, akamtazama mkewe, viatu vyake vya kuazima, matope hadi magotini, leso mkononi.

"Mimi leo nimeshiba," akasema.

Mama alishusha leso polepole.

"Wewe husemangi uongo juu ya tumbo."

"Sisemangi," akajibu Mzee, akasimama na kumpa mkono ainuke.

Walishuka kilima mbele yetu wote bila kuachana mikono, watu wazima wenye wajukuu, na mimi nilimngoja Were kwenye kona ili na sisi tushuke hivyo hivyo.

Tulipofika Kituoni, Mama Milcah hakuketi. Aliweka maji motoni na kusonga obusuma wa kumtosha yeye. Mzee Phanuel alivuta kiti akakaa kando yake, akasema anamsindikiza tu, mtu asile peke yake. Were alianza kuhesabu matonge ya mzee kwa sauti ya chini. Nilimkanyaga mguu chini ya meza akanyamaza.

Mama Milcah, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Isiukhu, na ya mamia ya migongo uliyoiokoa na mizigo, asante. Asante kwa jiko lililokuwa na moto kabla hatujafika. Asante kwa kutufundisha kwamba safari ya mtu huanza kwa aliyemfungashia. Jiko tunalichukua, na tutakuja kwako Ikolomani kuuliza tukikwama, tena tutakuja mara nyingi. Nenda ukapumzike, ulale hadi jua likuamshe, ule chakula cha moto ukiwa umekaa, na Mungu akuachie kwa miaka mingi yule mtu wa kubishana naye mezani.

Christine Were
Mtunza stoo