Aliyemtaja Mama Muhuri

Mheshimiwa Mwenyekiti wa halmashauri, Ndugu Mkurugenzi, waheshimiwa madiwani, wageni waalikwa, na wewe shemeji uliyekuja kumchukua mkeo: nimepewa kipaza sauti nimuage Mama Muhuri, lakini kabla sijamsifia niseme ukweli. Dada, nilikukosea.

Mnakumbuka mageuzi yalipoanza? Tulisema huduma zitoke makao makuu ziende kwenye kata, mwananchi asilale njiani kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa. Tukapiga makofi. Mkurugenzi alipouliza nani aende kata ya mwisho, ile ambayo mvua ikinyesha gari halifiki, kila mtu akaangalia viatu vyake. Mimi nikasema, "Mama Muhuri. Huyo hana neno."

Jioni nikamwambia, "Dada, amri imetoka juu."

Akacheka. "Huko juu nani ananijua, kaka mdogo?"

Haikutoka juu, dada. Ilitoka mdomoni mwangu, maana niliogopa nitatajwa mimi.

Ofisi zetu zilitenganishwa na ubao mwembamba tu. Chai ikiwa tayari aliugonga kwa rula: "Wewe, inapoa! Au unasubiri kikao?" Mageuzi yakaja, ubao ukang'olewa, ofisi ikawa wazi, inapendeza kweli. Lakini saa ya chai ikifika bado natega sikio. Nani atanigongea, na ubao wenyewe haupo?

Miaka minne amelala kwenye chumba cha nyuma ya ofisi ya kata. Mjukuu akajifunza kutembea, bibi hayupo. Shemeji akajifunza kupika, na ule mwili ulivyopungua unatuambia hakufaulu. Mnacheka, mimi nikimwona sokoni nilikuwa nakata kona. Na kata ile ndiko tunakowapeleka wageni tukitaka kujisifu. Tunajisifu kwa jasho la nani?

Sasa anastaafu, na minong'ono inasema ofisi ile ifungwe kwa kuwa hakuna wa kwenda. Ndugu Mkurugenzi, yupo. Barua yangu ya kuomba uhamisho umeipokea asubuhi. Dada, funguo nikabidhi mimi, leo, shemeji akiona. Sikuombi unisamehe hapa. Watu wanatutazama, utaona aibu kukataa.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza, hata mlioguna. Jumatatu hii, kabla foleni haijajipanga, mlango ule nitaufungua mimi. Na wewe dada, siku hiyo uwe nyumbani, umeshika mkono wa mjukuu.