Historia ya Fundi Ijumaa na Msumari Wake Mmoja

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mafundi mliofunga milango yenu asubuhi hii, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake kwa sababu ndimi pekee niliyebaki ninayemjua tangu alipokuwa hana meno, na kabla sijaanza nawaomba wale mnaonong'onezana kuhusu nguo ya buluu aliyovaa mjane mpumzike kidogo, nimewaona, nguo hiyo imo humu kwenye karatasi, nitaifikia.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya bati iliyopakana na kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba yetu mpakia mizigo na mama yetu mfua nguo, na alitoka wakati mkunga bado ananawa mikono, jambo ambalo mama alilisimulia miaka yote kwa fahari, akisema huyu ana haraka zake, nasi tukalichukulia kuwa sifa. Nasema Jumatano kwa kuwa wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Ijumaa mkadhani ni siku aliyozaliwa, sivyo, jina hilo alilitafuta mwenyewe kwa kazi ya mikono yake, na kwa ulimi wake zaidi.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 akamaliza Novemba 1965, na katika mtihani wake wa mwisho wa hesabu, uliokuwa na maswali kumi, aliyaanza yote kumi na hakumaliza hata moja, mwalimu akaandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ana bidii ila hana jibu. Baba hakujua kusoma, aliyemsomea ni mimi, nikasoma kipande cha bidii nikaruka kilichobaki, mdogo wangu akanunuliwa viatu vipya, kwa hiyo leo nikieleza makosa yake msidhani nimejitoa.

Tarehe 3 Aprili 1967 alipelekwa kujifunza ushonaji kwa fundi mkuu mwenye duka mkabala na posta, na tarehe 2 Februari 1974 akafungua chumba chake mwenyewe katika mtaa wa wauza vyuma, chumba chenye cherehani moja ya kukanyaga, meza ya kukatia, rafu ya mbao iliyofika darini, na milango miwili, wa mbele wa kupokelea wateja na wa nyuma wa kuwatorokea. Kwa fundi mkuu alijifunza mengi mazuri na moja baya, ambalo nyinyi mafundi mnalijua, msijifanye mnatazama viatu, nalo ni kukata kitambaa mara tu kinapoingia, maana mteja mwenye kitambaa kizima anaweza kukichukua akaondoka, lakini akikikuta kimeshakatwa mikono na kola, atakipeleka wapi. Basi marehemu akawa anakata, akija mtu anakata, akija mwingine anamwacha wa kwanza katikati ya mshono anamkatia wa pili, vipande anavifunga kwa utepe anavitupa rafuni, na kila mtu anamwambia njoo Ijumaa.

Miaka ishirini na mitano hakuna aliyemwona amekaa, futi ya kupimia ilikuwa shingoni hata mezani, ukimsalimia anajibu niko mbioni, chai yake ilikuwa inapoa katika vikombe vitatu mahali patatu, na sisi sote, mimi nikiwa wa kwanza, tulimsifu, tukawaambia watoto wetu tazameni mtu anavyofanya kazi. Hakuna aliyeuliza nguo ziko wapi.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1980, katika ofisi ya msajili, na mpiga chapa wa ofisi ya maji, ambaye ndiye mjane tuliye naye hapa, na tangu mwezi wa Aprili mwaka huo bibi harusi alikuwa amempelekea mchumba wake yadi tano za kitambaa cha buluu, kikakatwa siku ileile, kikafungwa utepe, kikapanda rafuni. Siku tatu kabla ya ndoa wifi yangu alikwenda kulichukua gauni lake, na bwana harusi, futi shingoni, uzi mdomoni, akamjibu bila kugeuka, njoo Ijumaa. Wifi akamuuliza, Ijumaa ipi, wewe, si tunaoana Jumamosi, na yeye akasema, basi hiyo hiyo. Ijumaa ilifika, gauni halikufika, akaolewa amevaa gauni la kuazima la shangazi yake, pana kama pazia, limebanwa mgongoni kwa pini kumi na mbili ambazo nilizichomeka mimi, moja ikafyatuka wakati wa kutia sahihi, na picha ipo, bibi harusi ameshika mgongo.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti aliyezaliwa tarehe 20 Juni 1982, ambaye ni mwalimu, wa pili mwana aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1985, ambaye ni dereva wa basi, na wa tatu binti aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1989, ambaye ni fundi wa mafriji, na huyo mwalimu atakuwa shahidi wangu kwamba siku yake ya kwanza shuleni alivalishwa na baba yake, fundi mzima, sare iliyoshikizwa kwa uzi mweupe wa bandi tu, ule wa muda kabla ya mshono wenyewe, na ilipofika saa nne mkono mmoja wa sare ulikuwa umeteremka hadi kwenye kiwiko.

Siku ya Jumanne, tarehe 11 Mei 1999, saa tatu asubuhi, rafu ile ilichoka. Ilianguka yote, utepe ukakatika, vipande vya watu vikachanganyika sakafuni, marehemu akatolewa chini yake bila jeraha ila amejaa vumbi la chaki, na ukoo mzima tukaitwa kupanga kola na kola yake, mkono na mkono wake, chumba kikajaa, tukatandaza barazani, baraza ikajaa, tukatandaza kando ya barabara. Tulihesabu nguo mia moja arobaini na tatu zilizokatwa, na nguo zilizokamilika, za kuvalika na mtu, tulizikuta nne.

Watu wakaanza kuja kutambua vyao, na miongoni mwao akaja mwanamume mwenye ndevu hadi kifuani, akainama, akaokota vipande vya kaptula ya kaki, akajiwekea pajani, vikaishia palepale pajani, akasema, fundi, hii ni yangu, nilikuwa darasa la tatu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, marehemu akacheka nao, halafu akaacha kucheka, akawa anatazama ile baraza kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu azaliwe kumwona amesimama mahali pamoja bila kushika kitu.

Kesho yake alipigilia msumari mmoja ukutani, mkabala na cherehani, akatundika nguo moja, na mkasi akaufungia kwenye droo, ufunguo akampa mkewe. Sheria ilikuwa kwamba mkasi hautoki mpaka msumari uwe mtupu. Wateja walimchukia kwa sheria hiyo, nilimsikia mama mmoja akimsihi, we fundi, kikate basi, hata kidogo, nijue kimeshaanza, na yeye akamjibu, nikikikata leo kitakuwa kimekatwa tu, mama, hakitakuwa nguo.

Sasa nieleze jambo lililonisumbua. Kufikia mwisho wa Machi mwaka 2000 alikuwa amemaliza nguo mia moja arobaini na mbili, za waliokufa zikapelekwa kwa watoto wao, na juu ya hizo alikuwa anapokea mpya, na bado anafunga chumba saa kumi jioni, chai anakunywa ikiwa ya moto, amekaa, anaangalia watu. Hesabu hiyo ilinikataa. Nilidhani ameficha fundi mwingine nyuma ya ule mlango wa pili, nikaenda kuufungua, nikakuta ndoo na fagio, nikachukua kiti, nikajifanya nafuma, nikakaa mle siku tatu nikimchunguza kama polisi, nikisubiri kuona anapoongeza mwendo, na mwendo hakuongeza, kama ni kubadilika basi alipunguza, ila asubuhi nzima aliinuka kwenye kiti mara nne tu.

Siku ya tatu nikamuuliza, wewe, zamani ulikuwa unafanya nini siku nzima, maana kukimbia ulikuwa unakimbia, mimi ni shahidi. Akamaliza mshono kwanza, ndipo akanijibu, dada, nusu ya siku nilikuwa natafuta vipande, na nusu iliyobaki nilikuwa naomba radhi, na kuomba radhi kunachosha kuliko kushona. Nilirudi nyumbani nikakikuta chakula kiko jikoni, nguo ziko majini, ufagio uko katikati ya chumba na mimi nimeshika barua ya mtu, vyote nimevianza tu, nikakaa chini kwa hasira.

Nguo ya mia moja arobaini na tatu ilikuwa ile ya buluu. Marehemu aliitundika msumarini Aprili mwaka 2000, akamwita mkewe aje apimwe upya, kwa kuwa vipande vilikatwa kwa kiuno cha mwaka 1980 na wifi hakuwa nacho tena, na wifi, akiwa anamenya viazi, akajibu bila kugeuka, nitapimwa Ijumaa. Akamjibu hivyo kila alipoombwa, miaka kumi na tisa, kwa tabasamu, na marehemu alijua kosa lake, akaondoa kile kifurushi msumarini ili kazi za watu ziendelee, akakiweka kwenye droo ya mkasi.

Marehemu alianza kuugua Februari 2018, moyo ulipanuka, miguu ikavimba, akalazwa mara tatu katika hospitali kubwa, akaacha kupokea vitambaa mwezi wa Julai mwaka huu wa 2019, akamaliza nguo zilizokuwepo moja moja. Tarehe 14 Oktoba daktari alituambia kwamba zimebaki wiki, si miezi, na jioni hiyo wifi yangu aliingia chumbani kwa mgonjwa, akasimama mbele ya kiti chake, akanyoosha mikono, akasema, haya, pima. Marehemu alimtazama, akasema, leo Jumatatu. Wifi akasema, pima, wewe mwanamume, mikono inaniuma.

Miguu ya marehemu haikuweza tena kukanyaga cherehani, kwa hiyo majirani walimbeba hadi chumba chake cha kazi nami nikakaa kando yake nikizungusha gurudumu kwa mkono, kwa muda wa saa moja kila asubuhi kwa kuwa zaidi ya hapo pumzi ilimwisha, na siku ya pili nilizungusha kwa kasi mpaka sindano ikavunjika, akaniuliza, polepole, dada, nani anatukimbiza, nami niliyejua vizuri ni nani anayetukimbiza, nikapunguza. Chaki ya mwaka 1980 ilikuwa bado inaonekana kwenye kitambaa, ubavuni akaongeza vipande viwili vya kijivu, mkiangalia vizuri mtaviona, na tarehe 8 Novemba alikata uzi wa mwisho, akalipiga pasi mwenyewe akiwa amekaa, akalitundika msumarini, akamwita mkewe aje achukue gauni lake. Ilikuwa Ijumaa, sikuipanga mimi. Wifi aligeuza mishono yote ndani nje akiikagua kama mteja mkorofi, akasema limetoka vizuri, nitalivaa siku nitakayotaka mimi.

Marehemu alifariki siku ya Jumatano, tarehe 20 Novemba 2019, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, na siku aliyoitaka wifi yangu ni leo, wanong'onaji mmejibiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo ambao hawakutudanganya, majirani mliomwinua na kumlaza, mafundi wenzake mliokuja kila Jumapili kukaa naye bila kuleta kazi, na wateja wote mliosubiri mkapata, na mliosubiri mno mkasamehe. Jana nilifungua kile chumba kutafuta nguo ya mtu iliyobaki ili tuirudishe, nikatafuta juu ya meza, chini ya meza, kwenye droo na nyuma ya mlango wa pili, sikukuta hata mkono mmoja wa shati.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, msumari ni mtupu.