Mama Viatu Anavua Viatu

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita mbele ya kipaza sauti cha studio yetu, Mama Viatu anastaafu. Mpaka hapo hakuna utata. Utata unaanza ukitaka kusema ni nani hasa anayestaafu, na ndiyo maana kazi ya kuandika wasifu huu ilizungushwa ofisi nzima kama mtoto anayelia. Katibu mwenye digrii aliandika nusu ukurasa, akasema kichwa kinamgonga. Nikaletewa mimi, fundi wa vipaza sauti, niliyeiacha shule kabla haijaniacha yenyewe. Hawakukosea mlango. Habari za sauti aziandike mwenye masikio.

Kwa wageni wa hafla hii ya kumuaga wasioangalia katuni yetu (poleni sana), inahusu familia moja ya wapangaji: Baba, Mama na mapacha wao watundu. Hao wana waigizaji wao, wenye picha kubwa pale mapokezi. Lakini nyumba haiwi nyumba kwa wapangaji wanne tu. Kuna Mlinzi anayesinzia langoni, Jirani Mdaku anayejua kila sufuria ya mtaa ina nini, Mwenye Nyumba mkali kwa wote isipokuwa mkewe, na Jogoo anayewika saa asiyotakiwa. Hao wote wanne ni Mama Viatu. Peke yake. Na picha yake mapokezi haipo, kwa sababu kila mwaka ofisi ilishindwa kuamua aandikwe nani chini yake.

Alianza kwa maneno mawili. Aliitwa kwa siku moja tu, kuziba pengo, aseme “Nani hapo?” kwa sauti ya mlinzi aliyeshtushwa usingizini, kisha aende zake. Watazamaji wakacheka, mlinzi akarudishwa wiki iliyofuata, na aliyekuja kuziba pengo akawa ukuta.

Jina la Mama Viatu alilipata kwa haki. Kila mhusika ana viatu vyake. Mlinzi anavaa buti zilizopasuka kisigino. Jirani Mdaku, kandambili. Mwenye Nyumba, viatu vya ngozi alivyovichukua kwa mumewe, vinavyolia kwi-kwi kila akisogea. Jogoo anakwenda peku. Mwenyewe husema sauti haitoki kooni, inatoka nyayoni. Tulidhani ni maneno ya utu uzima tu, mpaka tulipojaribu. Tena lazima pazia la dirisha la chumba cha kurekodia lifungwe, maana akimwona mtu anacheka naye atacheka, na Mlinzi hacheki akiwa kazini. Basi sisi wa nje tunasikia watu watatu wanagombana na kuku juu yao. Ukifungua mlango unakuta mama mmoja katulia, anatafuta kandambili ya kushoto.

Mkanganyiko wake umetuponza wengi. Fundi umeme aliwahi kufokewa na Mwenye Nyumba kutoka nyuma ya pazia, akazunguka jengo zima kumtafuta mzee huyo amwombe radhi. Hadi leo anaamini alitoroka kwa mlango wa nyuma. Mume wa Mama Viatu naye alimpigia simu mkewe wakati hajavua kandambili. Akasikiliza umbea kidogo, kisha akasema kwa adabu, “Shemeji, naomba niongee na mke wangu.” Na binti yao anasimulia kwamba alipokuwa mdogo, akikosea alikuwa anaomba agombezwe na Jogoo, kwa sababu Jogoo hajui kutaja fimbo.

Sasa nije kwenye kipindi cha mwisho, ambacho mimi nilikuwemo ndani na bado sikielewi.

Mkurugenzi wetu aliamua kwamba, kwa kuwa Mama Viatu anastaafu, familia ya kina Baba isafirishwe likizo na kipindi kizima kiwe cha majirani. Sote tukapiga makofi. Kisha tukasoma mwisho wake: nyumba inauzwa, Mlinzi anakabidhi funguo, Jirani anafunga mizigo, Jogoo anawekwa kapuni. Wanakwenda moja kwa moja. “Sauti ikiondoka,” Mkurugenzi alisema, “midomo ibaki ya nini?” Hakuwa na ubaya. Alidhani anamheshimu.

Mama Viatu alivuta buti, akazivaa taratibu, na Mlinzi akauliza, “Sasa bosi, mimi nimekosa nini?”

Mkurugenzi akajibu, “Hujakosa kitu mzee wangu, ni utaratibu tu.” Kisha akagundua anamwomba radhi mtu asiyekuwepo, akatoka kwenda kunywa maji.

Tangu siku hiyo, kila mchana, Mama Viatu alipanga viatu vyake nje ya chumba cha kurekodia, akatujaribisha mmoja mmoja bila Mkurugenzi kujua. Mpishi wetu, mwanamume mwenye mabega kama kabati, alipewa kandambili, na ajabu zikamkaa. Dereva akapewa viatu vya ngozi. Buti zikaja kwangu, na sisemi kwa majivuno, ingawa ni kweli, nilizijulia siku ya kwanza. Mama Viatu ana kumbukumbu tofauti. Anasema siku ya kwanza nilisikika kama mbuzi aliyenyimwa majani. “Usiigize usingizi, mwanangu,” aliniambia. “Choka kwanza.” Akaniamuru nisimame langoni mchana kutwa na buti zile. Jioni mtu aligonga, nikasema “Nani hapo?”, na Mama Viatu aliyekuwa anapita akageuka nyuma, kana kwamba ameitwa.

Siku ya kurekodi, pazia lilifungwa kama kawaida. Mkurugenzi alikaa upande wake na vipokea sauti masikioni, akiwa ametulia. Mwenye Nyumba akafoka. “Hapo Mama umetisha!” akasema Mkurugenzi. Jirani Mdaku akapiga umbea. Mkurugenzi akafuta machozi ya kicheko. Ndipo mkono ukamgusa bega. Aligeuka akamwona Mama Viatu amesimama nyuma yake, peku, na kikombe cha chai. Mkurugenzi akaangalia pazia, akamwangalia Mama, akaangalia pazia. Ndani, umbea ulikuwa unaendelea.

“Wewe uko hapa,” akasema.

“Nipo.”

“Na kule ndani kuna nani?”

“Majirani,” akasema Mama Viatu, akanywa chai.

Nyumba haikuuzwa. Mwandishi wa hadithi aliitwa palepale, Mwenye Nyumba akabadili mawazo baada ya kufokewa na mkewe, na Mlinzi akasema, “Siondoki. Nikiondoka mimi, lango litalala na nani?” Watu waliokiona kipindi wanasema maneno hayo yaliwatoa machozi.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Maneno hayo tuliyarekodi wote wawili kesho yake, yeye asubuhi na mimi mchana, na fundi mchanganyaji aliweka toleo moja bila kuandika ni la nani. Mimi nasema ni langu. Mama yangu mzazi, aliyenibeba miezi tisa, anasema si langu. Nikaona bora nimwulize mwenyewe. Mama Viatu alisikiliza kwa makini, akaomba nirudie, kisha akajibu kwa sauti ya Mlinzi, “Ni mimi.”

Haikusaidia kitu.

Aliyebaki bila mrithi alikuwa Jogoo, maana hakuna aliyethubutu kwenda peku mbele ya wakubwa. Naripoti bila kutaja mtu kwamba juzi, kwenye ofisi ya mwisho upande wa kulia, kulisikika kuwika, na nje ya mlango kulikuwa na jozi ya viatu vya Mkurugenzi.

Mama Viatu, asante kwa kazi, kwa chai, na kwa kutuachia majirani wote wakiwa hai. Umesimama kwa miguu ya watu wengi. Sasa pumzisha ya kwako, na siku zako zijazo ziwe njema na ndefu. Viatu tumebaki navyo, vya mumeo tutavirudisha tukilazimishwa. Na siku ukipita kutusalimia, gonga tu lango. Nitauliza, “Nani hapo?” Jibu kwa sauti yoyote uipendayo. Nitafungua.