Mapenzi binti Chome na Waitikiaji wa Kisimani

Wazee wetu, shikamooni, na ndugu na majirani, poleni; familia imenituma niwasomee kwa ufupi maisha ya mama yetu, Mapenzi binti Chome, ingawa yeye mwenyewe hakupenda habari ikatwe mkia.

Marehemu alizaliwa Kinango mwaka 1911, mtoto wa tatu wa mzee Chome Mwinga, mfugaji, na darasani hakuingia, bali alifunzwa kusimulia ngano mekoni kwa bibi yake. Tarehe 4 Juni 1930 aliolewa na marehemu Rai Mangi, mkata miwa, wakahamia hapa Ramisi, akawa analima mihogo na jioni akiwasimulia watoto wa vibarua, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi Mangi ninayewasomea, na Kavumbi, ambaye tuko naye hapa.

Agosti 1964, Uhuru ukiwa bado mbichi, walikuja watengenezaji filamu wakitafuta ngano ya kwetu waifanye mchezo wa sinema, wakaipenda ile ya binti aliyeshuka kisimani kuwadai maji mizimu, wenyewe wa chini; binti huyo huimba kutoka gizani, na watu wa juu wasipomwitikia, hapati njia ya kurudi. Marehemu alikubali kusimulia, akavaa leso mpya, lakini mkuu wao aliamuru wasikilizaji wanyamaze wasije wakaharibu sauti, basi alipofika penye wimbo akangoja kuitikiwa, pakawa kimya, naye akanyamaza. Alipoulizwa kulikoni, alisema mtoto wa watu yu kisimani, nao wamewaziba watu midomo, sasa nani atamtoa? Alibembelezwa, akaonywa kwamba atatafutwa mwingine, na hata sisi wanawe, tuliokuwa na hamu ya kumwona mama kwenye sinema, tulimsihi alegeze kamba, lakini alijifunga kibwebwe, akasema heri filamu imkose yeye kuliko binti kubaki chini. Bwana yule alikwenda hadi Kinango kusaka msimulizi mwingine, na kila aliyemwendea alimuuliza waitikiaji watakaa wapi, akarudi jioni, mpole kama maji mtungini, akawaruhusu watu waitikie. Filamu ilipoonyeshwa uwanjani hapa Desemba 1965, binti akaimba, na uwanja mzima ukaitikia pamoja na wale wa kwenye kitambaa cha sinema, hata marehemu akacheka mpaka akatokwa na machozi.

Machi 1968 alianza kuugua kifua, akalazwa Msambweni, sauti ikamwishia, lakini hakuacha kumfunza Kavumbi ule wimbo kwa kunong'ona, akimwagiza asiuimbe bila watu, hadi Jumanne tarehe 16 Julai 1968, alfajiri, alipotutoka, na pengo lake linatuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni, majirani waliotupikia na kukesha nasi, wakata miwa wenzake marehemu baba, na nyote mlioacha shughuli zenu.

Sasa Kavumbi ataanza wimbo, na tunaomba asinyamaze mtu. Mama, tunajua safari hii kuitikia hakutakurudisha, lakini tutaitikia, usishuke peke yako, na ukisha kutusikia, pumzika kwa amani.