Miaka Thelathini na Miwili Kuelekea Sura ya Kumi na Sita

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, mhadhiri wetu wa Injili ya Marko atarudisha funguo za Chumba cha Nne baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Chuoni tunamwita Mwalimu Upesi. Jina hilo hakulipata kwa mwendo wake. Alibandikwa kwa utani na wanafunzi waliokuwa wakimsubiri amalize sura.

Alikuja kijana, na sanduku moja la vitabu na suruali moja ya heshima. Kwenye usaili aliulizwa Marko humchukua muda gani kuimaliza. Alijibu kwamba muhula mmoja unatosha na chenji inabaki. Mkuu wa chuo wa wakati ule alimwamini, Mungu amrehemu.

Marko ni fupi kuliko injili zote nne, na ina haraka kuliko zote. Humo watu hawatembei, wanakurupuka: wametoka, wameingia, mgonjwa kapona, mashua imeshang'oa nanga. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini inaelekea Marko hawakumfikia. Mwalimu Upesi walimfikia mapema. Wiki yake ya kwanza alitunga kanuni kwamba darasa halivuki kwenda sura nyingine mpaka kila mtu awe ameelewa.

Ni kanuni nzuri sana kwa somo la hesabu. Katika Marko, hata wale kumi na wawili waliokula na kulala na Bwana wao hawaelewi, tangu mwanzo hadi mwisho. Basi darasa likawa linakwama mwaka hadi mwaka. Mwaka wa neema walifika sura ya kumi na tatu, tukapongezana. Tuna wachungaji wenye mvi ambao, kwa kadiri ya Chumba cha Nne, walimwacha Yesu bado anabishana na watu hekaluni. Pasaka wanahubiri vizuri tu, kwa kuazima kutoka kwa Luka, somo ninalofundisha mimi chumba cha jirani. Shukrani sijaziona, ila sidai.

Asili ya injili hii aliifundisha vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumsikia. Alieleza kwamba kwa mapokeo ya kale Marko alikuwa mkalimani wa Petro, akayaandika aliyoyasikia kwake. Alieleza pia kwamba wataalamu wengi wanaiona kuwa ya kwanza kuandikwa, karibu na siku za kuanguka kwa Yerusalemu, na kwamba Mathayo na Luka walichota humo. Kuhusu Luka alikuwa akigonga ukuta wangu kwa kiganja, makusudi, nisikie. Halafu aliwaambia wasisahau iliandikiwa nani: watu walioandamwa, waliosikia hodi mlangoni wakakosa pumzi. Hapo alipangusa ubao uliokuwa tayari safi. Sisi tulidhani amechoka.

Muhula huu wa mwisho, mkewe, mkunga mstaafu asiyejua kunong'ona, alimpasulia wakati wa chai, walimu wote tukisikia: "Mzee, Yesu mwenyewe alifika msalabani. Wewe utafika lini?" Tulicheka hadi chai ikamwagika. Yeye hakucheka. Alisema kwamba hatarudisha funguo kabla ya kufika kaburini. Tangu siku hiyo hata mlinzi wa getini hakumsalimu kwa habari za asubuhi; alimuuliza wamefika sura ya ngapi.

Kizingiti kilikuwa mwanafunzi mmoja, meneja wa benki aliyeacha kazi ili awe mchungaji. Hakuelewa kwa nini Yesu anaponya mtu kisha anamkataza kusema. "Tangazo la bure, Mwalimu, halafu unalizima?" Mkono ulikaa juu wiki nzima, na kanuni ni kanuni. Mwishowe Mwalimu Upesi alimjibu kwamba anayemjua Bwana kwa miujiza tu bado hamjui, na kwamba habari yake haijakamilika mpaka msalabani. Meneja akashusha mkono. Kuanzia hapo walikimbia, jamani! Walisoma hadi Jumamosi, na Mwalimu akaacha chai ya saa nne, sadaka ambayo hatukuwahi kuiona.

Kipindi cha mwisho walimu tulisimama nyuma ya darasa, wapishi wakajaa dirishani. Alisoma jinsi wanawake walivyokuta kaburi wazi, wakaagizwa waende wakaseme, nao wakakimbia wasimwambie mtu neno, kwa hofu. Akafunga kitabu. Meneja akauliza kama ndiyo basi. Mwalimu akasema nakala kongwe zinaishia hapo. Yanayofuata, wengi huona, yaliongezwa na watu waliokosa uvumilivu. Kitabu kizima walioambiwa wanyamaze wanapiga kelele, na walioambiwa waseme ndio wananyamaza.

Kisha akaketi, yeye asiyeketi darasani. "Kanuni ile ilikuwa kisingizio," alisema. "Nilikuwa naogopa kufika hapa. Niliogopa kusimama mbele yenu na kaburi tupu na hofu, na mimi sina cha kuongeza." Akatutazama, walimu kwa wapishi. "Lakini habari imefika humu chumbani. Basi kati ya wale wanawake yupo aliyesema huku anatetemeka. Hofu haikumtoka kwanza."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nililia, na sioni sababu ya kuficha.

Ndugu yetu, umekataa kuhutubia kwenye sherehe yako mwenyewe, kwa hiyo nimeandika mimi. Asante kwa yote, na kwa kiganja ukutani. Pumzika vema, wewe na mama mkunga, mle siku zenu kwa amani na afya. Jumatatu mimi nitaingia Chumba cha Nne kuifundisha Marko, maana nimeombwa, na hofu haijanitoka. Nitaingia hivyohivyo.