Mama Mwanamkasi na Kengele Niliyoitafuta Siku Kumi

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Mama Mwanamkasi Twalib atatimiza miaka thelathini na miwili kamili ya kazi katika maktaba ya Chuo cha Kilimo Lumemo Juu, na siku hiyo hiyo atastaafu. Ukumbi umeandaliwa kwa sherehe ya kumuaga Ijumaa ya tarehe 27. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Sylvanus, karani wa maktaba, kazi ya kuandika wasifu huu. Sababu waliyonipa ni kwamba ninaandika shajara kila siku tangu nilipomaliza kidato cha nne, kwa hiyo tarehe zangu ni za kuaminika. Tarehe ni kweli. Kuhusu mengine, msomaji ataona.

Alianza kazi Julai 1993, akitokea Viwanja Sitini, ambako ndugu zake wana duka hadi leo. Maktaba wakati huo ilikuwa makabati manne na dirisha lisilofunga. Aliweka vitabu kwa mpangilio, akajifunza kujalidi kwa gundi ya unga wa muhogo, na mwaka wa mafuriko makubwa alihamisha vitabu mia tisa kwenda juu ya meza kabla maji hayajaingia. Panya walikula gundi, lakini vitabu vilipona. Hadi leo anasema panya wale ndio wasomaji wake wa kwanza waliomaliza kitabu.

Kazi ambayo chuo kitamkumbuka nayo zaidi ilianza mwaka 2016, tulipoanza kupokea wanafunzi waliotoka jeshini. Walikuwa watu wazima, wengine na wajukuu, waliolitumikia taifa miaka mingi na sasa wakataka kusomea kilimo. Siku ya kuwapokea wanafunzi wapya, mwalimu mmoja aliwaomba askari wastaafu wasimame wapigiwe makofi. Hakusimama mtu. Mama Mwanamkasi alikuwa nyuma ya ukumbi, na wiki iliyofuata alibandika tangazo mlangoni kwa mwandiko wake: "Kama hujashika kalamu kwa miaka kumi au zaidi, njoo Jumanne saa nane mchana, meza ya ukutani. Chai ipo." Jeshi halikutajwa. Walikuja saba, na sita kati yao walitoka jeshini.

Meza ile aliigeuza ili anayekaa aegemee ukuta na auone mlango. Aliwafundisha kutafuta kitabu kwenye kadi na kwenye kompyuta, kuandika marejeo, na kusoma swali la mtihani mara mbili kabla ya kujibu. Waliotaka aliwaruhusu kuingia kwa mlango wa nyuma, kupitia chumba cha kujalidi, bila kupita katikati ya vijana wanaonong'ona. Aliyekwenda kliniki Morogoro aliongezewa siku za kukaa na kitabu bila kuulizwa.

Haya naandika leo kwa utulivu. Wakati ule sikuyaona hivyo. Niliona meza iliyogeuzwa bila kibali. Niliona watu wazima sita wakiingia kwa mlango wa nyuma bila kusaini rejista kubwa, na chupa ya chai ambayo haikuwa kwenye orodha ya mali. Nikaanza kuandika.

Mmoja wa wale sita alikuwa Fridolin, mwenyeji wa Mang'ula, mtu mrefu mwenye maneno machache. Amesoma aya hizi na ameruhusu zichapishwe. Maktaba yetu ilikuwa na kengele ya kipande cha reli, iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkungu nje ya dirisha, na mlinzi wetu Abdulkarim aliigonga kwa nondo dakika kumi na tano kabla ya kufunga. Jumatatu, tarehe 26 Februari 2018, aliigonga kwa nguvu kuliko kawaida. Fridolin alikuwa chini ya meza kabla mlio haujaisha, mikono kichwani. Vijana walicheka. Mmoja akapaza sauti, "Afande kapigwa ambushi na kengele!" Mimi sikucheka, lakini sikuwanyamazisha pia. Niliandika tu saa.

Fridolin hakurudi tena maktabani wala darasani. Shajara yangu ya Ijumaa, tarehe 9 Machi, inasema hivi: "Mama M. kaondoka saa tano na vitabu viwili bila kuviandika. Kapanda bodaboda, upande wa Michenga. Mvua kubwa. Ana shughuli gani huko?" Shughuli yake, nilikuja kujua baadaye, ilikuwa Fridolin, aliyekuwa amefungasha mizigo na kwenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya mpunga. Alimkuta matope magotini. Fridolin akadhani amefuatwa kwa sababu ya kitabu alichoazima. Mama akamwambia, "Sijaja kudai kitabu, mwanangu. Nimekuletea cha pili." Kisha akamuuliza kinachomrudisha nyuma ni nini. Akajibu, kile chuma. Akamwomba asimwambie mtu.

Jumatatu, tarehe 12 Machi, Fridolin alirudi darasani. Siku hiyo hiyo kengele ikatoweka.

Nilifanya uchunguzi siku kumi. Nilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu wawili. Nilimhoji Abdulkarim mara tatu, hadi akaniambia, "Kaka, mimi kazi yangu ni kuigonga, siyo kulala nayo." Nilipima alama za tairi chini ya mkungu. Mwisho nilifikia hoja ambayo niliiona haina tundu: kipande kile kilikuwa na kilo zaidi ya ishirini. Mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na miwili hawezi kukibeba. Askari anaweza. Askari aliyeichukia kengele alikuwa mmoja, naye alirudi siku ilipopotea. Niliandika barua ya kurasa tatu kwa mkuu wa chuo, nikimtaja Fridolin kuwa ndiye mwizi na Mama Mwanamkasi kuwa mficha siri. Adhabu ya wizi wa mali ya chuo ilikuwa kufukuzwa.

Kamati ya nidhamu ilikaa Alhamisi, tarehe 22 Machi. Mkuu wetu wa wakati ule, Mwalimu Deogratias, alinitaka nilete shajara iwe ushahidi, nami niliileta kwa fahari. Fridolin alikaa karibu na mlango, kofia mapajani. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema hana. Mama Mwanamkasi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, kabla hujamfukuza mtu, naomba usome shajara ya Sylvanus ya tarehe kumi na mbili. Yote, hadi jioni."

Mwalimu Deogratias akasoma kwa sauti. Kulikuwa na hali ya hewa, idadi ya wasomaji, na kengele kutoonekana saa kumi na robo. Halafu mstari wa mwisho, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeuruka kila niliporudia ukurasa ule: "Saa tisa na nusu nimemsaidia Mama M. kupakia kiroba cha mchele kwenye baiskeli yake. Mchele mzito sana."

Nilisema kwa sauti ndogo kwamba Mama aliniambia ni mchele. "Sikukwambia," akasema. "Nilikwambia, nisaidie mwanangu, ni mzito. Mchele umeusoma mwenyewe kwenye kiroba."

Abdulkarim, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka nje kwenda kucheka. Kengele ilikuwa Viwanja Sitini, imeegemezwa kwenye mlango wa banda la kuku ili mbwa wasiingie. Mwalimu Deogratias hakucheka. Alimuuliza Mama kwa nini hakuandika barua ya kuomba iondolewe, kama utaratibu unavyotaka.

"Barua zote zinapita mezani kwa Sylvanus," akajibu. "Ningeomba, angeuliza sababu. Angeiandika sababu. Kabla ya chai ya saa nne kantini nzima ingekuwa nayo. Na sababu yenyewe siyo yangu."

Hapo Fridolin alisimama. Aliieleza sababu mwenyewe, kwa sentensi nne, kuhusu misheni ya kulinda amani na chuma kilichokuwa kikigongwa kambini kila walipokuwa wakishambuliwa. Kisha akakaa. Mama Mwanamkasi alipewa onyo la maandishi, ambalo nililichapa mimi na kuliweka kwenye faili lake mimi. Fridolin alibaki chuoni. Leo ni afisa ugani, na wakulima wa Michenga wanamwita Afande bila kucheka. Baada yake wamepita kwenye meza ile ya ukutani wanafunzi thelathini na wanane waliotoka jeshini. Wawili tu hawakumaliza.

Kengele haikurudi mkunguni. Mama alichonga vibao vidogo vya mbao, na tangu siku hiyo, dakika kumi na tano kabla ya kufunga, anazunguka na kuweka kibao kimoja juu ya kila meza, taratibu, pale msomaji anapouona mkono ukija. Kimeandikwa: "Bado robo saa. Malizia ukurasa."

Desturi ya chuo ni mstaafu kugonga kengele ya ukumbi siku ya kuagwa. Ameomba isiwe hivyo kwake. Ijumaa atazunguka ukumbini na vibao, na tunaomba kila mgeni atakayewekewa chake akisome, amalizie alichokuwa akisema, kisha anyamaze.

Funguo za chumba cha kujalidi, vibao, chupa ya chai na daftari la Jumanne amenikabidhi mimi. Nilimuuliza kwa nini mimi, kati ya watu wote. Alisema mtu anayeona kila kitu anafaa kazi ile, akishajifunza kipi asikiandike. Nimelifikiria jibu hilo wiki tatu na bado nalitilia shaka, kwa sababu amelitoa akitabasamu. Lakini meza itabaki kama alivyoiweka, ikitazama mlango. Atakuja mkutubi mpya, ataniuliza kwa nini, nami nitamwambia ndivyo tunavyokaa hapa.

Mama Mwanamkasi, kwa niaba ya wafanyakazi, wanafunzi, na wale wa mlango wa nyuma, ahsante. Tunakuombea kustaafu kwenye heri, afya njema, kuku wengi na mbwa wachache.

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, saa tisa na nusu, ulitoka maktabani na kiroba kizito. Nilikusaidia kupakia. Sikuuliza kuna nini ndani, na kwenye shajara nimeandika hali ya hewa tu.