Vichwa Hamsini Juu ya Mizani ya Sonara

Benchi letu liko kati ya duka la Sonara na kibanda cha Kinyozi, na lina miguu mitatu na nusu; ule wa nne ulikatika siku Kinyozi alipocheka kupita kiasi. Hapo tunakunywa kahawa na kutatua matatizo ya dunia, ingawa dunia yenyewe haijapata habari. Jumanne asubuhi alitujia Shangazi Shabaha, fundi cherehani, mke wa kaka yake Sonara, mlenga shabaha wa klabu. Jumamosi wanachagua mtu wa mwisho wa timu, na yeye mara tatu ameikosa nafasi hiyo kwa alama moja. Wiki iliyopita, mazoezini, risasi tisa zilipita tundu moja. Ya kumi ikaenda kutembea. Akashuku vichwa vya risasi, hivyo vya shaba vinavyoruka: huenda kiwandani havikutoka sawa. Basi kaja na boksi la vichwa hamsini, vitupu, bila ganda wala baruti, vipimwe kwa mizani ya dhahabu. Alitaka ishirini tu vinavyolingana. Sonara kwa kawaida hupimia ndani, chini ya kifuniko cha kioo. Lakini wapi! Tuligoma kunyimwa uhondo. Mizani ikatolewa nje, kioo kikaachwa, ikaketishwa katikati yetu kama mgeni rasmi.

SONARA: Cha kwanza, gramu kumi pointi themanini na nane.

SHANGAZI: Hapo hapo. Ndivyo boksi linavyosema.

SONARA: Cha pili, kumi pointi tisini na tatu.

KINYOZI: Huyo kanenepa.

SONARA: Cha tatu, themanini na moja.

KINYOZI: Huyo ana njaa! Shangazi, nisikilize mimi, vichwa ndiyo kazi yangu. Miaka ishirini na miwili sijaona viwili vinavyolingana. Hata mapacha, mmoja ana kisogo, mwenzake ana kiwanja.

SHANGAZI: Vya kwako vimezaliwa, ndugu yangu. Hivi vimetoka mashine moja.

Hapo Mwalimu Mstaafu akakohoa. Huyu ana methali elfu moja na hajui hata moja inakaa wapi.

MWALIMU: Samaki mmoja akioza, wote huoza.

SONARA: Kwa hiyo?

MWALIMU: Kwa hiyo, mwenda pole hajikwai.

KINYOZI: Mzee, risasi ikienda pole si itamdondokea Shangazi miguuni?

Kufika cha kumi na mbili, vifuniko vitatu vya makopo vilikuwa vimepangwa: vizito, vyepesi, na sawa. Kwenye "sawa" vilikaa viwili, vinatazamana kama wakwe. Sauti ya Shangazi ikapungua.

SHANGAZI: Vyote vikiwa hivi, Jumamosi nitapiga nini? Klabuni hakuna boksi jingine mpaka mwezi ujao.

KINYOZI: Sababu ninayo. Vyepesi vimetengenezwa kabla ya chakula cha mchana. Fundi ana njaa, anabana shaba. Akishashiba, anaiachia.

MWALIMU: Si tumbo, ni mwezi. Unavuta bahari, utashindwa na kichwa cha risasi?

SONARA: Shaba inapumua, jamani. Dhahabu haipumui, ndiyo maana ni ghali.

KINYOZI: Kama inapumua basi ina nywele! Nileteeni vile vizito nivipitishie wembe, nipunguze hapa ubavuni...

Akacheka, akalipiga benchi kofi. Cha kumi na tatu kikasoma gramu kumi na moja na ushee.

Shangazi hakucheka. Alianza kuvirudisha vichwa boksini, kimoja kimoja, kama mtu anayefungasha baada ya msiba.

Nyuma yetu alikuwa amesimama mteja, muuguzi wa kliniki ya watoto, na hereni yake iliyokatika kulabu mkononi.

MUUGUZI: Samahani, wakubwa zangu. Kile cha kwanza, mkikipima tena, kinasoma ngapi?

Kinyozi akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Mwalimu akatafuta methali, akaikosa.

MUUGUZI: Kliniki, mtoto akirusha miguu, namba inaruka. Hatusemi mtoto kabadilika.

Sonara akakirudisha cha kwanza. Tisini na nne. Akakitoa, akakiweka tena. Themanini na tatu.

SHANGAZI: Kichwa kilekile?

SONARA: Kilekile, shemeji.

KINYOZI: Basi mizani imelewa!

Na namba ikaruka. Tuliiona sote.

MUUGUZI: Hebu rudia, kaka.

KINYOZI: Nimesema, mizani...

Ikaruka tena. Pumzi yake ndiyo ilikuwa inapimwa, na pumzi ya Kinyozi si haba.

Mizani ikarudishwa ndani, juu ya meza ya mawe, kioo juu yake. Tukajazana mlangoni, mikono mdomoni. Cha kwanza: themanini na nane. Tena: themanini na nane. Cha pili, kile "kilichonenepa": themanini na nane. Kwa muda wa saa nzima benchi letu halikusema neno, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu lilipokuwa mti. Kinyozi aliiva uso. Mwishowe vichwa arobaini na sita vilikuwa kwenye kifuniko kimoja. Vinne tu ndivyo vilivyokuwa vyepesi kweli, na Shangazi akavitenga.

SHANGAZI: Basi ile risasi ya kumi, kama haikuwa nyepesi kama hivi vinne, ilikuwa mkono wangu. Afadhali. Mkono nitaufundisha hadi Jumamosi. Kiwanda ningekifundishaje?

Alikuwa anatabasamu. Mwalimu akasogea, akamnong'oneza:

MWALIMU: Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tukageuka kumtazama. Miaka yote tuliyokaa naye, hiyo ndiyo methali yake ya kwanza kupiga katikati.

SHANGAZI: Mwalimu, Jumamosi uje ukae nyuma yangu. Na wewe Kinyozi uje.

KINYOZI: Nikushangilie?

SHANGAZI: Ukae mbali.